Kutazama soka Marekani: kipi ulipie, kipi uachane nacho

Aliyezoea kutazama mpira Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anajua mpangilio mmoja: dishi juu ya bati, king'amuzi chini ya TV, na chaneli za SuperSport zinazobeba Ligi Kuu ya Uingereza, Ligi ya Mabingwa na La Liga ndani ya kifurushi kimoja. Akifika Ohio au Texas akauliza king'amuzi cha mpira ni kipi, jibu ni kwamba hakipo. Kila ligi imeuzwa kwa kampuni yake, kila kampuni ina programu yake, na kila programu ina bili yake ya mwezi. Hapa tunazipima huduma hizo kwa ajili ya mtu anayetaka kuona mpira bila kutupa pesa. Bei zote ni za mwanzoni mwa 2026, kabla ya kodi.

Lisemwe kwanza lililo jema, maana ni kubwa. Mechi zote 380 za Ligi Kuu ya Uingereza huonyeshwa Marekani. Uingereza kwenyewe haiko hivyo: mechi za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri hazirushwi mubashara kwenye TV ya nchi hiyo, ili watu waendelee kwenda viwanjani. Mkazi wa London anakosa mechi ambayo mkazi wa Columbus anaitazama akiwa anakunywa chai ya asubuhi. Mpira upo wa kutosha. Shida ni kujua uko wapi na kutolipia usichotazama.

Mgawanyo huu umeletwa na pesa. Kwa miaka mingi TV za Marekani ziliiogopa soka kwa sababu dakika 45 hupita bila nafasi ya tangazo la biashara. Mwaka 1967, CBS iliporusha ligi ya kulipwa iliyokuwa mpya, mwamuzi Peter Rhodes alikiri kwamba baadhi ya faulo alizopuliza zilikuwa za kuipa TV muda wa matangazo. Dawa ilipatikana Kombe la Dunia la 1994, ABC na ESPN walipoweka nembo za wadhamini karibu na saa ya mchezo na kuacha mpira uende. Tangu hapo thamani imepanda bila kurudi nyuma. NBC ilichukua Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2013/14 kwa dola milioni 250 kwa misimu 3. Mkataba wa sasa, wa 2022 hadi 2028, ni takriban dola bilioni 2.7 kwa misimu 6. Yaani kutoka dola milioni 83 hivi kwa msimu hadi milioni 450. Pesa hiyo lazima irudi, na inarudi kupitia kadi ya mtazamaji: Peacock, programu ya NBC, ilikuwa dola 5.99 kwa mwezi mwaka 2023, ikawa 7.99 mwaka 2024, na tangu Julai 2025 ni 10.99.

Anza na antena

Kabla ya kulipia chochote, nunua antena. Watu wengi wanaohamia Marekani hawajui kwamba NBC, CBS, FOX, ABC, Telemundo na Univision hurushwa hewani bure katika miji mingi, kwa ubora ambao mara nyingi unaipita intaneti. Antena ya ndani ni dola 20 hadi 40, unalipa mara moja tu. Kupitia hiyo unapata mechi ya NBC ya Jumamosi mchana, fainali ya Ligi ya Mabingwa kwenye CBS, mechi za Kombe la Dunia kwenye FOX, na Liga MX ya Mexico kwenye Univision. Hiyo Liga MX isidharauliwe: kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikivuta watazamaji wengi kuliko ligi yoyote ya soka nchini Marekani, na utangazaji wake wa Kihispania una moto ambao anayeupenda mpira atauelewa hata asipoielewa lugha.

Usinunue antena kwa kusoma maili zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hizo hupimwa mahali pasipo na jengo wala mti. Fungua tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, yenye ramani ya mawimbi ya TV, uandike anwani yako. Itakuonyesha vituo, nguvu ya mawimbi, minara iko upande gani, na kila kituo kinarusha kwa VHF au UHF, yaani masafa mawili tofauti ya mawimbi ya TV. Hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Namba unayoiona kwenye TV si lazima iwe chaneli halisi ya hewani. Chicago, kwa mfano, CBS huonekana kama 2.1, lakini mnara wake unarusha kwa chaneli 12 ya VHF. Antena bapa zinazobandikwa ukutani kama karatasi zimetengenezwa zaidi kwa ajili ya UHF, kwa hiyo mtu anapata chaneli 50 lakini CBS haipo, kisha anadhani antena ni mbovu. Kama kituo unachokitaka ni VHF, chukua antena yenye masikio mawili marefu ya kuvuta, yale ya zamani. Ni ya bei ndogo na itafanya kazi ambayo ile bapa haiwezi.

Ukiwa ndani ya kilomita 50 hivi kutoka minarani, antena ya ndani kwa kawaida inatosha. Iweke dirishani upande wa minara, juu kadiri unavyoweza, mbali na wavu wa chuma na redieta. Vioo vya madirisha mapya vyenye utando wa kuzuia joto hukata mawimbi, kwa hiyo ukiona picha inavunjikavunjika vipande vya mraba, jaribu dirisha jingine kabla ya kuilaumu antena. Chomeka waya kwenye tundu la antena nyuma ya TV, ingia kwenye menyu, chagua "Antenna" au "Air" wala si "Cable", kisha iache TV itafute chaneli. Ukihamisha antena hata kwa mita moja, itafute upya.

Busta ya umeme inayouzwa pamoja na antena inadhuru karibu sawa na inavyosaidia. Ukiwa karibu na minara, busta huzidisha mawimbi hadi kifaa cha kupokea ndani ya TV kinaelemewa, na chaneli zinapotea. Ichomoe, ujaribu bila hiyo. Busta inafaa pale ambapo mawimbi ni hafifu au waya ni mrefu, au waya mmoja unagawiwa TV tatu. Na angalia TV yenyewe: baadhi ya skrini zinazouzwa rahisi ni za kompyuta tu, hazina kifaa cha kupokea mawimbi. Kama nyuma hakuna tundu la duara lenye kitobo kidogo katikati cha kupokea sindano ya waya, antena haitakusaidia mpaka ununue kisanduku cha kupokelea.

Peacock na tatizo la USA Network

Mpenzi wa Arsenal, Liverpool, Manchester au Chelsea hawezi kuikwepa Peacock. (Kwa Watanzania: NBC inayotajwa hapa ni kampuni ya TV ya Marekani, haina uhusiano na benki inayodhamini Ligi Kuu ya Tanzania Bara.) Kazi ya NBC ni nzuri. Rebecca Lowe anaongoza meza ya uchambuzi tangu msimu wa kwanza, wachambuzi wake wanaijua ligi, na tangu 2022 sauti kuu ya utangazaji ni Peter Drury, ambaye wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanamjua bila kutambulishwa. Picha ni safi, marudio ya mechi nzima yapo, na vifaa 3 vinaweza kutazama kwa wakati mmoja kwa akaunti moja.

Kasoro ni moja, nayo ni nzito: Peacock haina mechi zote. Mechi za kila wiki zinagawiwa sehemu tatu. Chache huenda NBC, na hizo zinaonekana pia Peacock. Nyingine ni za Peacock peke yake. Zilizobaki huenda USA Network, chaneli ya kulipia, na hizo hazionekani mubashara Peacock kwa Kiingereza, unazikuta baadaye kama marudio. Anayelipa dola 10.99 akiamini amenunua ligi nzima anashtuka Jumamosi ya kwanza timu yake inapowekwa USA. Tena jambo hili halielekei kurekebishwa karibuni, kwa sababu tangu Januari 2026 USA Network imetenganishwa na NBC na kuwa chini ya kampuni nyingine, Versant. Mpira wa ligi moja sasa uko mikononi mwa kampuni mbili.

Ufanye nini? Ratiba ya chaneli hutangazwa wiki chache kabla. Hesabu ni mechi ngapi za timu yako zimeangukia USA mwezi huo. Zikiwa moja au mbili, subiri marudio na uzime simu. Zikiwa nyingi, lipia kwa mwezi huo tu huduma ya chaneli yenye USA, kwa mfano Sling Blue, ambayo ni nafuu kuliko vifurushi vikubwa, kisha ujitoe. Kuishikilia mwaka mzima kwa ajili ya chaneli moja ni hasara.

Kuhusu kulipia kwa mwaka, piga hesabu kwanza. Peacock ya mwaka ni dola 109.99. Msimu wa ligi, Agosti hadi Mei, ni malipo ya miezi 10: dola 109.90. Asiyetazama kingine zaidi ya ligi haokoi hata senti kwa kulipa mwaka mzima, na anapoteza uhuru wa kusitisha. Mpango wa mwaka unafaa tu kama kuna kitu cha kukuweka Juni na Julai. Kwa 2026 kipo, nacho tutakifikia. Njia nyingine ambayo wengi hawaitumii ni Walmart+: uanachama huo, dola 98 kwa mwaka, hukupa uchague Peacock au Paramount+ ya daraja la chini ndani yake. Kama familia tayari inanunua vyakula huko, mlango mmoja wa mpira umeshalipiwa.

Daraja la juu la Peacock, dola 16.99, usilinunue kwa ajili ya mpira. Linaondoa matangazo kwenye tamthilia na sinema, lakini matangazo ya mapumziko ya mechi mubashara yanabaki palepale.

Paramount+ ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote

Kwa dola 8.99 za daraja liitwalo Essential unapata mechi zote 189 za Ligi ya Mabingwa, Ligi ya Ulaya, Serie A ya Italia, pamoja na ligi za madaraja ya chini za Uingereza na Kombe la Carabao. Hakuna chaneli ya pembeni inayokunyang'anya mechi. Ukilipa, unaona. Mkataba wa CBS na UEFA, dola bilioni 1.5 kwa misimu 6, unaendelea hadi 2030, hivyo hakuna haja ya kuhofia kuhamahama. Meza ya Kate Scott, Thierry Henry, Micah Richards na Jamie Carragher imekuwa kipindi ambacho hata Waingereza wanakifuatilia, na sifa hiyo ni stahili yao: wanachambua mpira kwa undani huku wakicheka kama watu walio kibarazani.

Daraja la juu, dola 13.99, linaongeza CBS mubashara. Mwenye antena tayari anayo CBS, kwa hiyo asilinunue. Anayefuata Ligi ya Mabingwa peke yake anaweza kusitisha baada ya raundi ya Desemba na kurudi katikati ya Januari, kwa kuwa hakuna mechi katikati hapo. CBS pia ina chaneli ya bure ya intaneti, Golazo, iliyoanzishwa 2023, yenye uchambuzi na magoli saa zote. Haihitaji akaunti ya kulipia.

Kasoro? Programu yake ni nzito kwenye stiki za zamani za TV, vile vifaa vidogo vinavyochomekwa ili TV ioneshe huduma za intaneti. Usiku wa Ligi ya Mabingwa kunapokuwa na mechi nyingi kwa pamoja, kuhama kutoka mechi moja hadi nyingine kunaweza kuchukua sekunde kadhaa za duara linalozunguka. Kiwashe upya kifaa kabla ya mechi. Kama bado inakwama, badilisha stiki, maana intaneti yako huenda haina kosa.

ESPN na Apple TV kwa ufupi

ESPN ina La Liga hadi 2029, mkataba wa misimu 8 wa dola bilioni 1.4. Kuanzia Agosti 2025 inauza vitu viwili vyenye majina yanayochanganya. ESPN Unlimited, dola 29.99, ina chaneli zote za ESPN. ESPN Select, dola 12.99, ndiyo ile iliyoitwa ESPN+ zamani, na kwa mtu wa La Liga hiyo inatosha, kwa kuwa mechi nyingi zimo humo. Usiuziwe ile ya dola 30 kwa ajili ya Barcelona na Real Madrid. Bundesliga nayo iko humo, ila mkataba wake ulianza 2020 kwa misimu 6, kwa hiyo mashabiki wa Bayern wasilipe mwaka mzima bila kuangalia msimu ujao umepangwa wapi.

Apple TV ndiyo yenye ligi ya Marekani yenyewe, MLS. Tangu 2023 hadi 2025 ilibidi ulipie kifurushi cha pembeni, dola 99 kwa msimu. Kuanzia msimu wa 2026 mechi zote zimo ndani ya dola 12.99 za kawaida za Apple TV. Ni uamuzi sahihi uliochelewa, kwani ukuta ule wa malipo uliwazuia wengi kumwona Messi tangu alipojiunga na Inter Miami Julai 2023. Kiufundi hakuna huduma ya kuishinda hii: picha haigandi, hakuna mechi inayofungiwa mji fulani, na unaweza kuondoa sauti ya watangazaji ukaweka ya redio ya timu ya nyumbani. Simu za Android zilipata programu rasmi Februari 2025, kwa hiyo ule usumbufu wa kupitia tovuti umekwisha. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu ya ziada ya kuitazama ligi hii: Bernard Kamungo, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu na kukulia humo kabla ya familia yake kuhamia Abilene, Texas, aliingia FC Dallas kupitia majaribio ya wazi ya timu yake ndogo, akaifunga Inter Miami ya Messi Agosti 2023, na Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani.

Ukijumlisha Peacock, Paramount+ Essential, ESPN Select na Apple TV unapata dola 45.96 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kutaka kila kitu, na hata hapo USA Network haimo. Mtu mwenye timu moja Uingereza na hamu ya Ligi ya Mabingwa anahitaji mbili tu za kwanza: dola 19.98, na antena.

Kombe la Dunia la 2026

Hapa ndipo antena inarudisha gharama yake yote kwa mwezi mmoja. Mashindano ya Juni 11 hadi Julai 19, yenye timu 48 na mechi 104, FOX iliyagawa hivi: mechi 70 kwenye chaneli ya hewani ya FOX, na 34 kwenye FS1, ambayo ni ya kulipia. Nusu fainali na fainali ni za hewani. Anayezitaka zile 34 kwa Kiingereza ana FOX One, dola 19.99 kwa mwezi, iliyozinduliwa Agosti 2025. Jiunge Juni 11, jitoe siku hiyo hiyo ili isijirudie yenyewe, na itakubeba hadi Julai 11. Zilizobaki baada ya hapo utaziona kwa antena.

Ila kuna njia ya nafuu zaidi kwa asiyeogopa Kihispania. Telemundo ilipanga mechi 92 hewani, na Peacock ilipewa zote 104 kwa Kihispania. Mwenye Peacock tayari haongezi kitu. Andrés Cantor, mtu wa "goooool" ndefu, ni wa Telemundo, na mpira wenyewe hauhitaji tafsiri. Zaidi ya hayo, FIFA iliamua kila kipindi kiwe na mapumziko ya maji ya dakika 3 katika mechi zote, joto liwepo au lisiwepo. Ni nafasi ambayo TV za Marekani zilikuwa zikiitafuta tangu enzi za faulo za Peter Rhodes.

Soko la kweli lipo, wala halikuanza leo. Fainali ya 2022 kati ya Argentina na Ufaransa ilitazamwa na watu karibu milioni 26 nchini Marekani, ukijumlisha Kiingereza na Kihispania. Fainali ya wanawake ya 2015, Marekani dhidi ya Japani, ilifikia kiwango hicho hicho miaka 7 kabla. Mpenzi wa soka ya wanawake ajue kwamba Kombe la Dunia la 2027 na la 2031 yako Netflix, yaani mlango mwingine tena.

Vifurushi vikubwa vya chaneli

YouTube TV, dola 82.99, inakupa NBC, CBS, FOX, ABC, ESPN, FS1 na USA mahali pamoja, na kurekodi bila kikomo. Kwa nyumba yenye wapenzi wa mpira, vikapu na habari, inaweza kuleta maana. Kwa mpira peke yake haifai: haina mechi za Peacock peke yake, haina Ligi ya Mabingwa ya Paramount+, haina MLS ya Apple TV. Na chaneli zinaweza kutoweka kwa ugomvi wa kampuni. Kuanzia Oktoba 30 hadi Novemba 14, 2025, ESPN na ABC zilikatika YouTube TV kwa sababu ya mvutano na Disney. Novemba hiyo hiyo Fubo, huduma nyingine ya aina hii, ikapoteza chaneli za NBC na USA. Aliyekuwa na antena hakukosa ABC wala NBC hata dakika moja.

Kanuni ya kulipa: jisajili kupitia tovuti ya huduma yenyewe, si kupitia Roku, Amazon au duka la simu. Ukijisajili kupitia mtu wa kati, kujitoa lazima kufanyike huko huko, na wengi huendelea kukatwa miezi mitatu wakiitafuta mahali pasipo.

Saa, kasi na kuchelewa kwa picha

Mechi ya mapema ya Jumamosi Uingereza huanza saa 6:30 mchana ya huko. New York ni saa 1:30 asubuhi, Chicago saa 12:30 asubuhi, Los Angeles saa 10:30 alfajiri. Kumbuka programu zitaandika 7:30 AM, 6:30 AM na 4:30 AM. Jambo linalowapoteza watu kila mwaka ni kubadilisha saa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Mwaka 2026 ni Machi 8 na Machi 29. Katika wiki hizo tatu tofauti ya New York na London ni saa 4 badala ya 5, kwa hiyo mechi ya saa 1:30 inakuwa ya saa 2:30. Oktoba 25 hadi Novemba 1 inatokea tena kwa wiki moja. Sehemu kubwa ya Arizona haibadilishi saa, hivyo huko hesabu ni nyingine: saa 11:30 alfajiri wakati wa baridi, saa 10:30 wakati wa kiangazi.

Kwa picha safi, kasi ya Mbps 8 hadi 10 kwa kila TV inatosha. Mechi moja pamoja na mapumziko hula takriban GB 6, na mechi nne kila wikiendi ni kama GB 100 kwa mwezi. Anayetegemea intaneti ya simu aangalie kikomo chake kabla. Picha ikigandaganda, chomeka waya wa intaneti moja kwa moja kwenye TV au kifaa. Mara nyingi kosa ni la Wi-Fi inayopita kuta tatu. Ukiwa na VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, izime, kwani programu hizi zitakukatalia.

Intaneti pia huchelewesha picha kwa sekunde 30 hadi dakika nzima nyuma ya uwanja, wakati antena huchelewa sekunde chache tu. Ndiyo maana goli linafika kwenye kundi la WhatsApp la Mombasa kabla ya mshambuliaji wako hajapokea pasi. Zima arifa za makundi na za programu za matokeo, au angalia kwa antena pale mechi inapokuwa NBC, CBS au FOX.

Mpira wa nyumbani

Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Marekani liko beIN Sports. Lile la Morocco, Desemba 21, 2025 hadi Januari 18, 2026, lilikuwa na Tanzania, Uganda na Kongo zote ndani yake, na ilibidi ulipie chaneli hiyo kwa mwezi mmoja. Hakuna huduma kubwa ya Marekani inayotangaza mpira kwa Kiswahili, hata katika majimbo yenye Wakongo, Warundi na Wakenya wengi, na hilo ni pengo linalostahili kujazwa. Simba na Yanga hazimo katika huduma yoyote iliyotajwa hapa. Haki za Ligi Kuu ya Bara ziko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa 2021, na Watanzania walio nje hutumia programu ya AzamTV Max. Dabi ikipigwa saa 11 jioni Dar es Salaam, New York ni saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi na saa 3 asubuhi wakati wa baridi. Jumamosi kama hiyo, mechi za Uingereza za saa 4 asubuhi huanguka palepale, kwa hiyo tayarisha vifaa viwili.